Mwalimu Anayekubali Kurudishwa Nyuma

Uliza watu faida ya masomo ya mtandaoni, wengi wataanza na nauli na kodi ya chumba. Sibishi. Kijana wa Songea anayesoma Dar es Salaam analipa ada, analipa gheto, analipa daladala kwenda na kurudi, na boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likichelewa anashindia mihogo. Akisomea kwao, mzigo huo unapungua sana. Ila mimi naona hiyo ni faida ya mfuko. Faida ya kichwa ni nyingine, na haisemwi vya kutosha: somo lililorekodiwa linarudiwa.

Tusidanganyane kuhusu madarasa yetu. Mwalimu wa hesabu ana wanafunzi sabini mbele yake na vipindi vingine vitatu vinamsubiri. Anaandika kwa mkono wa kulia, anafuta kwa wa kushoto. "Mmeelewa?" Darasa zima: "Ndiyooo!" Mstari wa tatu haukueleweka na mtu, lakini nani anyooshe mkono achekwe? Kinapita kipindi, unapita muhula. Na kwa kuwa hesabu za kidato cha tatu zimekaa juu ya zile za kidato cha pili, mtoto anamaliza shule akiamini kichwa chake kizito, kumbe alipitwa na mstari mmoja tu wa ubaoni. Video haikunji uso. Unaisimamisha, unarudi nyuma sekunde thelathini, unaandika, unarudi tena. Ukiirudia mara ya sita sauti ni ileile, haijachoka na haijakuuliza ulikuwa wapi.

Salman Khan, yule mwanzilishi wa Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, alianza kwa kumfundisha binamu yake hesabu kutoka mji mwingine, Marekani. Alipoanza kuweka video YouTube mwaka 2006, ndugu zake walimwambia wanampenda zaidi huko kuliko ana kwa ana. Amelisimulia hilo mwenyewe jukwaani, na watu wakacheka. Mimi naona lina uzito. Mbele ya kaka yako unaona haya kuuliza kitu ulichotakiwa kukijua tangu mwaka juzi, lakini mbele ya simu humwonei haya mtu yeyote.

Kuna binti wa mama yangu mdogo anafanya uwakala wa pesa huko Mbagala, na anasoma uhasibu kwa masafa. Siku moja nilikaa naye kibandani. Hedifoni ameweka sikio moja, la pili amewaachia wateja. Mhadhiri anaeleza uchakavu wa mali, gari la kampuni linavyopungua thamani mwaka hadi mwaka. Anakuja mzee mmoja dirishani.

"Mwanangu, nitolee elfu ishirini."

"Shikamoo baba. Namba yako ya mwisho ngapi?"

Kidole gumba kimeshasimamisha mhadhara. Akahesabu noti, akaandika kwenye daftari la miamala, mzee akasaini, akaondoka. Akarudisha nyuma kidogo, gari likaendelea kuchakaa. Mteja mwingine tena, vilevile. Nikamwuliza kama kweli kusoma namna ile kunaingia. Akanitazama kama mtu aliyeuliza swali la kitoto. "Kaka, sasa kama si hivi, darasani ningekuwepo? Kibanda angekaa nani?" Usiku mtoto akilala anairudia yote bila kukatizwa, hapo ndipo anapoandika nondo zake za kusomea.

Wanaosema kusoma ukiwa mbali ni mambo ya kizungu wanasahau tulikotoka. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakalisha Watanzania takriban milioni 2 kwenye vikundi, redio katikati, wakijifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994, enzi ambazo barua pepe ilikuwa habari ya kusikia. Redio ilikuwa na sauti, ila kikipita kimepita. Kitini cha masafa unaweza kukisoma hata mara kumi, lakini hakikwambii neno ukikwama. Leo sauti, maandishi na mkono unaoandika ubaoni viko kwenye simu moja, na vyote vinarudi nyuma ukitaka.

Ndiyo maana yale ya 2020 yaliniudhi. Shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona, baadhi ya shule binafsi zilikimbilia Zoom. Zilichokifanya ni kuhamisha darasa lilelile na kuliingiza kwenye simu: saa mbili asubuhi mahudhurio, mtoto amevaa sare sebuleni, mwalimu anaongea mfululizo, watoto wanapokezana kusema "tichaa, sikusikii." Umeme ukikatika, somo limekupita. Saa moja ya Zoom ya kundi hula zaidi ya MB 800, kwa hiyo mzazi mwenye watoto watatu alikuwa ananunua vifurushi kama anayenunua mafuta ya jenereta. Watu wakahitimisha kwamba masomo ya mtandaoni yamegoma. Kwa maoni yangu hayakujaribiwa. Kipindi cha moja kwa moja kisichorekodiwa kina kasoro zote za darasa, na juu yake kinakula bando.

Gharama ya bando ni kilio halali. Aprili 2021 vifurushi vilipopandishwa, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba viwango vipya vilisitishwa. Lakini faili la sauti la mhadhara wa saa moja ni MB makumi tu, na likishapakuliwa na mmoja linatembea kwa Bluetooth au memori kadi hadi kwa wote. Kuna hata programu kama Kolibri, inayowekwa kwenye kompyuta moja ya shule na wanafunzi wakaunganika nayo bila intaneti kabisa.

Mengine nakubali bila ubishi. Mtoto wa darasa la kwanza anamhitaji mtu, si skrini. Kupima asidi na besi maabara hujifunzi kwa kutazama. Na simu hiyohiyo yenye mhadhara ina TikTok.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wahadhiri na walimu. Rekodini. Kipindi cha saa mbili kikateni vipande vya dakika kumi na tano, kila kipande kipewe jina la mada yake, siyo "lekcha 4 mpya ya mwisho." Kamera ielekee ubaoni, sura zenu tunazijua. Sauti iwekwe kando kwa asiye na bando la video. Nimewahi kumwomba mhadhiri mmoja jambo hili, akanijibu kwamba akirekodi, wanafunzi wataacha kuja. Nikamwuliza wanaokuja sasa wanafuata nini. Akasema wengi wanakaa nyuma, wanasubiri karatasi ya mahudhurio ipite, wakishasaini wanatoka.