Sori si pole, wala si samahani

Wiki iliyopita fundi wangu wa nguo, huku Kiboroloni, alinikatia vibaya kitenge nilichokitunza kwa ajili ya kipaimara cha binti yangu. Bega la kushoto lilikuwa fupi kuliko la kulia kwa vidole viwili. Nilipomwonyesha alitupia jicho, akasema, "Ah, sori mama," kisha akarudisha miguu kwenye cherehani. Nikabaki nimesimama na gauni mkononi.

Kwa Waingereza, sorry ni neno moja lenye kazi nyingi. Umemkanyaga mtu, sorry. Hukusikia alichosema, sorry. Unataka kupita, sorry. Mwenzako kafiwa, sorry. Asili yake ni Kiingereza cha kale, kwenye neno la maumivu lililozaa pia sore, yaani kidonda. Kwa hiyo lilianza kama neno la anayeumia moyoni. Kuomba radhi kulikuja baadaye.

Sisi kazi hizo tumezigawa. Pole anapewa aliyeumia au aliyechoka, hata kama aliyeitoa hahusiki kabisa: pole na msiba, pole na safari, pole na kazi. Samahani ni ya aliyekosa. Imetoka kwenye Kiarabu, mzizi mmoja na msamaha, kwa hiyo ndani yake mna ombi, na anayeombwa ana nafasi ya kujibu. Hata pole ina jibu lake: asante, nimeshapoa. Sori inajibiwaje? Mimi huwa sijui niseme nini. Ikishatamkwa, kesi imefungwa na aliyeifunga ndiye aliyekosa.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, aliwahi kunisimulia jinsi mgeni alivyoteleza kwenye tope juu ya lango la Marangu. Yeye, na mzigo wa kilo 20 kichwani, akamwambia sorry. Mgeni akashangaa: mbona unaniomba radhi, kwani wewe ndiye uliyenisukuma? Kijana huyo simlaumu. Alikuwa na pole moyoni, na Kiingereza hakikumpa neno lake.

Lakini sisi kwa sisi tuna sababu gani? Juzi jirani kafiwa na mama yake, na kwenye simu zinaingia "sori sana", "sori kwa msiba". Mtu amemzika mzazi, anaandikiwa neno lile lile analoambiwa akigongwa kiwiko ndani ya daladala! Iliniuma, nikavaa kanga nikaenda kumpa pole kwa mdomo wangu.

Na kwa fundi nilirudi keshoye. Nikamwambia, "Mwanangu, jana hukuniomba samahani." Akasimamisha cherehani, akainuka. "Nisamehe mama, nilikosea kipimo." Nikamsamehe pale pale. Tukakitandaza kitenge mezani, tukatafuta kwenye mabaki kipande ambacho maua yake yangelingana na ya begani.