Kilatini kwa Mtoto wa Miaka 7: Sikiliza Kabla Hujanunua

Nilikuwa barazani, hapa Tabata, vitabu vimetapakaa mkekani, jirani yangu Mama Rukia alipopita kwenda kununua mkaa. Akasimama. "Mama Neema, hicho Kilatini mwanao ataongea na nani?"

Nikamrudishia swali: mbona kaka yake Rukia amehifadhi Juzuu Amma, na Kiarabu haongei na mtu hapa mtaani? Akatulia kidogo, kisha akaniambia jambo lililonisaidia kuliko maelezo yote niliyokuwa nimesoma usiku uliopita. "Sawa. Lakini yeye hakuanza na kitabu. Alianza kwa kumfuatisha ustadhi."

Nilianza kumsomesha Neema nyumbani mwaka jana. Hamu ya Kilatini niliipata kwa marehemu bibi yangu wa Peramiho, aliyekulia kwenye misa za Kilatini kabla ya mabadiliko ya miaka ya 1960. Hata uzeeni, akichambua mchele, aliimba Salve Regina mwanzo hadi mwisho. Mimi nilirithi sauti, maana sikuipata. Sitaki Neema naye aishie nilipoishia mimi.

Wako wanaosema Kilatini kitamfaa akija kuwa daktari au mwanasheria. Huenda. Ila mtoto wa miaka 7 hasomi kwa ajili ya udaktari. Kilichomshika Neema ni kusikia kwamba meza tunayolia chakula imetoka kwa Wareno, na Wareno waliitoa kwenye mensa ya Kilatini. Kwamba shule ni neno la Wajerumani, nao walilitoa kwenye schola. Kwamba mnazi kitaalamu ni Cocos nucifera, na nucifera maana yake ni wenye kuzaa kokwa. Alipojua kwamba leo kwa Kilatini ni simba, siku nzima alikuwa akitangaza, "Leo ni simba!"

Sasa kuhusu programu zenyewe, yaani vitabu na rekodi za kufundishia Kilatini. Karibu zote za watoto wadogo zimeandikwa kwa ajili ya mtoto anayeota ndoto zake kwa Kiingereza, na kwangu hilo ni zito kuliko bei au picha. Kurasa nyingi zinatumika kumweleza kwamba amo ni neno moja lakini ndani yake kuna mtendaji. Mwanangu hahitaji maelezo hayo. Amo, amas, amat, amamus, amatis, amant: napenda, unapenda, anapenda, tunapenda, mnapenda, wanapenda. Tofauti ni kwamba sisi mtendaji tunamweka mwanzo wa neno na wao wanamweka mwisho. Hata tofauti ya amas na amatis, inayomsumbua mtoto wa Kiingereza kwa kuwa kwao wote ni neno moja, kwetu ni unapenda na mnapenda, basi.

Halafu kuna upatanisho. Puer bonus, puella bona, donum bonum: mvulana mwema, msichana mwema, zawadi njema. Mtoto aliyezoea kusema mtoto mzuri, kitabu kizuri, gari zuri, hashangai kuona sifa ikibadilika kufuata jina. Ngeli zimeshamfundisha. Na irabu ni zilezile tano, a, e, i, o, u, zinazosomeka kama zilivyoandikwa. Ninaposikiliza rekodi za masomo, mara nyingine namsikia msomaji akihangaika na irabu ambazo Neema anazitamka bila kufikiri.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi wa hapa ni huu: chukua programu yenye maneno machache ya Kiingereza na sauti nyingi, kisha maelezo yatoe wewe mwenyewe kwa Kiswahili. Nilivutiwa sana na Minimus cha Barbara Bell, kilichotolewa na Cambridge University Press mwaka 1999. Ni hadithi za picha za panya anayeishi na familia ya Kirumi huko Vindolanda, ngome ya kaskazini mwa Uingereza. Neema alimpenda yule panya. Lakini naona kinamfaa zaidi mzazi ambaye tayari anajua Kilatini kiasi, awezaye kujaza pale hadithi inapokimbia, na mimi sikijui. Song School Latin inafundisha kwa nyimbo, na kwa familia isiyotaka sala ndani ya somo ningeipendekeza bila kusita.

Sisi tumechukua Prima Latina. Ina masomo 25, kila somo lina maneno machache na kipande cha sala, na matamshi yake ni ya kanisani. Hilo la matamshi liamue mapema, kisha usiyumbe. Chukua caelum (mbingu) na veni (njoo): wanaofuata matamshi ya Warumi wa kale watasema kailum na weni. Kanisani ni chelum na veni. Agnus (mwanakondoo) kanisani ni anyus, na hiyo ny Mswahili anazaliwa nayo. Neema anayasikia maneno haya kwaya inapoimba, kwa hiyo sikuona sababu ya kumpa masikio mawili.

Pagumu papo, na Kiswahili kinatuacha hapohapo. Puella aquam portat, msichana anabeba maji. Ukipindua, aquam portat puella, bado ni msichana anayebeba maji. Kwetu ukipindua, maji yanambeba msichana! Niliandika maneno kwenye kadi, ile m ya mwisho wa aquam, inayoonyesha kwamba maji ndiyo yanayobebwa, nikaipaka rangi nyekundu, tukazipangua kadi mkekani kila namna. Daraja nililopata ni -ni yetu: nyumba, nyumbani. Mkia umebadilika, kazi ya neno imebadilika. Alielewa siku ya tatu. Mikia mingine nimeiacha kwanza. Umri wake haudai.

Tunasoma dakika 15 baada ya chai ya asubuhi, na wiki mbili za mwanzo hatukufungua kitabu kabisa. Nilicheza rekodi, tukafuatisha, kama alivyosema Mama Rukia.

Mwenye mtoto wa miaka 12 au zaidi asinifuate mimi. Amtafutie Familia Romana ya Hans Ørberg, iliyoandikwa Kilatini kitupu tangu sentensi ya kwanza, ambamo mtoto wa Tabata na mtoto wa London wanaanza wakiwa sawa kabisa. Nimeshainunua. Iko juu ya kabati, na kila Neema anapoiona ananiuliza ni ya nani.