Ruzuku imfikie na anayegeuza mboji

Novemba 2023 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai, yaani kilimo kisichotegemea mbolea na dawa za viwandani, unaotekelezwa hadi 2030. Nilifurahi kwa dhati. Sera ya Taifa ya Kilimo ya 2013 ilikuwa imekitaja kilimo hai, lakini kutajwa ni jambo moja na kutengewa fedha ni jingine.

Na fedha ndiyo hoja yangu. Tangu msimu wa 2022/23 serikali inatoa ruzuku ya mbolea. Siilaumu hata kidogo. Bei ilikuwa imepaa, na mkulima wa mahindi wa Ruvuma au Mbeya asingeimudu. Ila mfumo mzima umejengwa juu ya mfuko wa mbolea ya dukani. Mkulima anasajiliwa, anapata namba, anakwenda kwa wakala, anachukua mfuko kwa bei pungufu, serikali inafidia tofauti. Hata mbolea iliyochanganywa na samadi inaweza kuingia humo, mradi imetoka kiwandani. Aliyejitengenezea mboji nyuma ya nyumba hana pa kuingilia.

Kapande Mgeta, milimani Uluguru, umwone mama anayeandaa lundo. Anatanguliza mabua, juu yake majani mabichi, kisha samadi ya mbuzi, majivu kidogo na udongo wa juu, akinyunyizia maji kila tabaka. Katikati anachomeka kijiti kirefu. Baada ya siku kadhaa anakichomoa na kukishika: kikiwa na joto na unyevunyevu, lundo linakwenda vizuri, kikitoka kikavu chenye ukungu mweupe, anaongeza maji. Wiki tatu hivi zikipita, anapindua lote kwa jembe, halafu anasubiri tena. Ekari moja inataka tani kadhaa za mboji hiyo, na zote zinapanda mlimani kichwani.

Huyo anahitaji toroli, mashine ya kukatakata mabua, na banda la mbuzi lililojengwa vizuri ili samadi na mkojo visipotee. Vitu hivyo vikitolewa kwa vikundi kwa bei ya ruzuku, vitadumu misimu mingi. Anahitaji pia afisa ugani anayeweza kusoma kile kijiti. Wengi wa maafisa wetu walifundishwa vipimo vya mbolea za viwandani kama DAP na urea, basi. Wafundishwe na hili, tena kwa vitendo shambani.

Kuna na suala la cheti cha kilimo hai. Wilayani Meatu, Simiyu, pamba hai imelimwa tangu miaka ya 1990. Wakulima hupanda mistari ya alizeti ndani ya pamba ili wadudu wavutiwe huko. Kazi hiyo yote haina bei sokoni Ulaya bila cheti, na sasa Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2018/848 inataka kikundi kinachoshika cheti kiwe chombo cha kisheria cha wakulima wenyewe, chenye wanachama wasiozidi 2,000. Zamani kampuni inayonunua iliweza kukishika kwa niaba yao. Kuunda vyombo vipya, kuweka kumbukumbu za kila shamba na kulipia ukaguzi ni mzigo mkubwa kwa mkulima wa ekari tatu. Hapa serikali ina nguvu ambayo mashirika hayana: AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zipo vijijini, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ipo. Igharamie ukaguzi katika ile miaka ya mpito, mkulima anapokuwa ameshaacha sumu lakini bado anauza kwa bei ya kawaida.

Wanaoogopa njaa hunitajia Sri Lanka. Ni kweli, 2021 serikali yake ilipiga marufuku mbolea za viwandani kwa ghafla, mavuno ya mpunga yakaporomoka, na ndani ya mwaka huohuo amri ikalegezwa. Lakini jimbo la Sikkim, India, lilianza 2003 na likatangazwa kuwa la kilimo hai kikamilifu 2016, likipunguza ruzuku ya mbolea za viwandani hatua kwa hatua huku likiwafundisha wakulima wake. Mimi sitaki marufuku. Nataka mwenye kuchagua mboji asiachwe peke yake.

Bajeti ya Wizara ya Kilimo husomwa bungeni mwezi Mei. Humo nitatafuta fungu la mkakati huu lenye kiasi chake, linalotokana na fedha za ndani, kwa sababu mradi wa mfadhili ukifungwa, mafunzo na ukaguzi navyo husimama.