Praima Zilizopeperushwa na Feni

Praima zetu, vipande vifupi vya DNA vinavyofanya kazi viwiliviwili kwenye PCR (kipimo cha kunakili DNA), zilifika maabara Mtwara baada ya kusubiriwa wiki sita, na kwa bahati mbaya aliyezipokea ni mimi. Mwezi wa pili, joto la kukamua, kiyoyozi kimekufa, feni ya mezani iko namba tatu.

Vichupa viwili: praima ya mbele na ya nyuma, za kusakia kuvu wa mnyauko wa mikorosho. Nikafungua cha mbele. Kitupu! Nikakiinua kwenye mwanga, nikakipindua, nikakigonga mezani kama mtu anayetafuta tomato ya mwisho chupani. Hola. Cha pili sikukifungua hata, nilikitupa na mwenzake pipani, nikawaandikia wauzaji barua pepe ya moto: mmetuuzia hewa.

Jibu lilikuja mstari mmoja: "Ulivizungusha kwanza?"

Kumbe praima husafirishwa zikiwa kavu. Nanomoli 25 (ndivyo molekuli zinavyohesabiwa) za praima ya herufi 20 za DNA hazifiki hata miligramu 0.2, mbele yake punje ya sukari ni jitu. Njiani hugandia popote, hata kwenye kifuniko, ndiyo maana kichupa huingia kwanza kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, zishuke chini. Yote hayo yalikuwa kwenye karatasi iliyokuja nazo. Karatasi hiyo nilikuwa nimefungia ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu.

"Viko wapi?" Madamu, bosi wetu, akauliza.

"Pipani, Madamu."

Pipa lilishamwagwa nyuma ya jengo. Nikazama mpaka mabega, maganda ya ming'oko huku, pilipili kule. Mama wa usafi akasimama kunitazama. "Mwanangu, kama njaa imefika huko si ungesema? Nina ugali."

Nikavipata. Cha nyuma, kwa kuwa hakikufunguliwa, Madamu alikifuta kwa spiriti, akakizungusha, akasoma lebo: nanomoli 25.3. Akatia maikrolita 253 za bafa ya TE, kimiminika cha kuhifadhia DNA, ukali wake ukawa maikromola 100, kisha akaigawa kwenye vichupa vidogovidogo ili tusiwe tunagandisha na kuyeyusha kilekile kila siku. Vikaingia friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Cha mbele tukakisuuza kwa bafa hivyohivyo, kwa imani tu.

Kesho yake tukapiga PCR, tukatazama majibu kwenye jeli, ambako DNA iliyonakiliwa huonekana kama mistari inayong'aa: ngazi ya vipimo, ile ya kulinganishia urefu, inameremeta peke yake. Sampuli zote giza, hata ile ya uthibitisho tunayojua ina kuvu, kama Chikongola umeme ukikatika. Praima ya nyuma peke yake ni bwana harusi ukumbini, bibi harusi kapeperushwa na feni.

Tukaagiza nyingine. Wiki sita tena.

Sasa hivi mchana nikifungua kifurushi changu cha ming'oko, maabara nzima inaitikia: "Umezungusha kwanza?" Mama wa usafi naye yumo, tena ndiye mwenye sauti kubwa.