Ian Woosnam: je, taji moja kuu linatosha kumpima?

Kati ya Aprili 1957 na Machi 1958, muda usiotimia mwaka mmoja, walizaliwa Ulaya wavulana watano waliokuja kuligeuza bara hilo kuwa tishio katika gofu: Seve Ballesteros wa Hispania, Nick Faldo wa England, Bernhard Langer wa Ujerumani, Sandy Lyle aliyeichezea Uskoti, na Ian Woosnam wa Wales. Wote watano walilivaa koti la kijani la bingwa wa Masters kule Augusta, Marekani. Ila gofu ina mizani yake ya ukubwa, nayo ni idadi ya mataji makuu manne: Masters, US Open, Open ya Uingereza na PGA Championship. Kwa mizani hiyo Faldo ana 6, Ballesteros 5, Langer na Lyle mawili kila mmoja. Woosnam ana moja tu.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Wapo wanaosema kwamba alikuwa na kipaji kikubwa kuliko alichovuna, na kwamba siku kubwa zilipofika moyo ulimwangusha. Wengine wanajibu kwamba mtu aliyekaa namba moja duniani kwa wiki 50 hana deni kwa yeyote. Mimi nakubaliana na wakosoaji kwamba kuna kitu kilipungua. Ninachopingana nao ni kuhusu kitu chenyewe.

Woosnam alizaliwa Oswestry, mji wa England ulio karibu kabisa na mpaka wa Wales, wazazi wake wakiwa watu wa Wales na baba yake mkulima. Uwanja aliojifunzia, Llanymynech, umekaa juu ya mpaka wenyewe: mashimo 15 yako Wales na matatu England. Alikuwa mfupi, mita 1.64 hivi, lakini kazi za shambani zilimjenga mikono na mgongo, na mpira ukitoka kwenye fimbo yake ulikwenda mbali kuliko wa watu waliomzidi kimo kwa kichwa kizima. Utotoni alipambana na Lyle huyo huyo katika mashindano ya kaunti yao ya Shropshire, na mara nyingi Lyle ndiye aliyetajwa kwanza.

Aliingia gofu ya kulipwa mwaka 1976. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya dhiki: alizunguka Ulaya na gari dogo la kulala ndani, chakula chake maharage ya kopo. Ushindi wa kwanza katika Mzunguko wa Ulaya, ule mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya bara hilo, haukuja hadi 1982, kule Uswisi. Hili lina uzito katika hesabu, maana Ballesteros alikuwa ameshatwaa Open ya Uingereza mwaka 1979 akiwa na miaka 22. Watano hao walilingana umri lakini hawakuanza kuvuna msimu mmoja.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulikumbuka jina hili. Miaka ile, baridi ilipofunga viwanja vya Ulaya, wachezaji walishuka Afrika kwa mashindano ya Kenya, Zambia, Nigeria na kwingineko. Woosnam alishinda Zambia Open mwaka 1985 na Kenya Open mwaka 1986. Wapo wanaoyapunguza mataji hayo wakiyaita ya rejareja. Lakini Ballesteros naye alikuwa bingwa wa Kenya Open mwaka 1978, na sijasikia mtu akimkata alama kwa hilo. Mchezaji hujifunza kushinda kwa kushinda, na Woosnam sehemu ya somo hilo aliipata Nairobi.

Halafu ukaja mwaka 1987. Alishinda mara tano katika Mzunguko wa Ulaya, akamaliza kinara wa fedha barani, akawa mchezaji wa kwanza kutoka nchi za Uingereza kutwaa World Match Play, mashindano ya ana kwa ana pale Wentworth, kwa kumfunga Lyle katika fainali, na akawa mchezaji wa kwanza kuvuna zaidi ya pauni milioni moja kwa mwaka mmoja. Mwishoni mwa mwaka akaenda Kapalua, Hawaii, kucheza Kombe la Dunia na David Llewellyn. Wales, nchi ndogo yenye wanagofu wa kulipwa wachache, iliishinda Uskoti ya Lyle na Sam Torrance katika mashimo ya nyongeza, na Woosnam akachukua pia ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Wales katika kombe hilo, na haukurudiwa hadi 2005, Stephen Dodd na Bradley Dredge walipolitwaa nchini Ureno. Kombe hili haliingii katika orodha ya mataji makuu. Kwa mtu wa Wales, sidhani kama kuna lililolizidi.

Aprili 7, 1991 alipanda kileleni mwa orodha ya dunia, mchezaji wa kwanza kufika hapo bila taji kuu hata moja. Manung'uniko hayakukosekana, hasa Marekani, kwamba orodha ilikuwa inawapendelea wa Ulaya. Wiki moja baadaye alikuwa kwenye shimo la 18, la mwisho, la Augusta akiwa sawa na José María Olazábal wa Hispania na Tom Watson wa Marekani; katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Olazábal, aliyekuwa kundi la mbele, aliingia mchangani na kupoteza mkwaju. Watson, mpendwa wa umati, alipeleka mpira wake kwenye miti. Woosnam alikuwa amezomewa na baadhi ya watazamaji mchana ule. Aliivuta fimbo ndefu na kuupiga mpira juu ya mitego ya mchanga ya kushoto, mahali ambapo wengi hawakuthubutu hata kupalenga. Alibakiwa na mpira wa mita mbili na ushei kwa ajili ya ubingwa. Ukaingia. Mikwaju 277, mmoja tu mbele ya Olazábal.

Sasa twende kwa wakosoaji, maana wana hoja nzito na si haki kuzipuuza.

Ya kwanza ni kwamba nafasi zilikuwepo. Mwaka 1989 katika US Open pale Oak Hill alimaliza wa pili pamoja na wengine wawili, mkwaju mmoja nyuma ya Curtis Strange. Katika Open ya Uingereza aliingia nafasi za juu mwaka 1986 na 1990. Mchezaji aliyeupiga mpira kwa ufundi ule, kwa miaka mingi ile, kubaki na taji moja kuu ni upungufu, na anayeukana anamtetea kwa mapenzi tu.

Ya pili ndiyo inayotajwa zaidi. Katika Kombe la Ryder, Ulaya dhidi ya Marekani, alicheza mara nane mfululizo kuanzia 1983 hadi 1997. Katika mechi za mchezaji mmoja kwa mmoja za siku ya mwisho hakushinda hata moja: sare mbili, vipigo sita. Sare zote mbili, mwaka 1993 na 1995, zilikuwa dhidi ya Fred Couples, na Couples huyo huyo alimkomoa vibaya mwaka 1997, mechi ikaisha mashimo saba kabla ya mwisho kwa kuwa Woosnam hangeweza tena kumfikia. Takwimu hii imetumika kama hati ya mashtaka: akiwa peke yake, macho yote yakimtazama, anayeyuka.

Ni hapa ninapoachana nao. World Match Play ya Wentworth ni mashindano ya ana kwa ana, hakuna mwenzako wa kukubeba. Woosnam aliyashinda mwaka 1987, 1990 na 2001. Kama tatizo lilikuwa moyo wa kusimama peke yako mbele ya mpinzani, lilikwenda wapi Wentworth? Nionavyo, tofauti ni urefu wa mechi. Wentworth mechi ilikuwa mashimo 36, Ryder ni 18. Katika mashimo 36, anayeupiga mpira vizuri zaidi kutoka mbali hupata muda wa kuuonyesha ubora wake. Katika mashimo 18, mara nyingi mshindi ni yule aliyetumbukiza mipira mifupi siku hiyo.

Na hapo ndipo palipomuuma. Udhaifu wa Woosnam ulikuwa kwenye grini, pale majani yanapokatwa chini kabisa na mpira unasukumwa kuelekea shimoni. Alibadilisha fimbo za kusukumia na namna ya kuzishika, akafika hadi kutumia ile ndefu inayoegemezwa kifuani. Faldo hakuwa na nguvu za Woosnam, ila mpira wa mita moja na nusu, Jumapili jioni, alikuwa anautia. Juu ya hayo Woosnam alicheza miaka mingi na ugonjwa wa uti wa mgongo unaokakamaza maungio. Huo siutoi kama udhuru, lakini anayepima miaka yake ya baadaye hawezi kuuacha pembeni.

Katika mechi za wawili wawili za Ryder rekodi yake inageuka kabisa. Ushindi wake wote 14 katika kombe hilo ulitoka huko, na mwaka 1987 kule Muirfield Village, Ohio, akiwa na Faldo, hawakupoteza mechi hata moja, Ulaya ikashinda kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Marekani. Ukiwa na mwenzako anayetumbukiza mipira mifupi, upungufu wako mmoja unazibwa, na mengine yote uliyonayo yanaonekana.

Wapenzi wake nao wana kosa lao, nalo ni Royal Lytham, Julai 2001. Alianza siku ya mwisho ya Open ya Uingereza akiwa sawa kileleni na wengine watatu, umri miaka 43. Shimo la kwanza pale ni fupi, halihitaji fimbo ya masafa, naye aliulaza mpira kando kabisa ya shimo na kumaliza kwa mikwaju miwili. Walipofika shimo la pili, mbeba fimbo wake akamwambia kuna fimbo mbili za masafa mkobani. Zilikuwa 15, sheria inaruhusu 14. Adhabu: mikwaju miwili. Ile mbili ikawa nne.

Tangu siku hiyo husemwa kwamba fimbo ya kumi na tano ilimnyima taji la pili. Tuhesabu. Woosnam alimaliza na 278, David Duval akashinda na 274. Ondoa adhabu, anabaki na 276, nafasi ya pili peke yake, bado mikwaju miwili nyuma. Mtetezi atajibu kwamba madhara hayakuishia kwenye karatasi, maana alipoteza mikwaju mingine muda mfupi baadaye akiwa bado na hasira, na kwamba Duval angebanwa tofauti. Inawezekana. Lakini huwezi kumpa mtu taji kwa mechi ambayo haikuchezwa. Ninachokiona cha thamani pale ni kwamba hakusambaratika: alitulia na kumaliza nafasi ya tatu sawa na wengine, na hakumfukuza mbeba fimbo wake siku ile. Miezi mitatu baadaye alimshinda Padraig Harrington katika fainali ya Wentworth. Huyo ndiye anayeambiwa hakuwa na moyo.

Mashaka kama hayo yalimfuata hadi alipokuwa nahodha wa Ulaya mwaka 2006 pale K Club, Ireland. Alionekana si msemaji, na Thomas Bjørn alimshambulia hadharani kwa kutomchagua. Woosnam alizitumia nafasi zake mbili za uteuzi kwa Lee Westwood na Darren Clarke, ambaye alikuwa amefiwa na mkewe mwezi uliotangulia. Aliwapanga wawili hao pamoja, marafiki wa siku nyingi, akijua kutokana na miaka yake mwenyewe ya Ryder mwenzako anavyoweza kukufaa. Clarke alishinda mechi zake zote tatu, Westwood hakufungwa, na Ulaya ikaishinda Marekani kwa 18½ dhidi ya 9½.