Kinundu cha mapafu: tupime kipenyo au ujazo?

Kinundu (kivimbe kidogo ndani ya pafu) cha kipenyo cha milimita 5 kikifika 6.3, kwa macho ni kilekile. Ila kama ni cha mviringo kama gololi, ujazo wake umeshakuwa maradufu. Hapo ndipo wanapovutana wataalamu wa radiolojia wanaotafuta saratani ya mapafu kwa CT, picha za mwili zinazopigwa vipande vipande: wapime kipenyo kama walivyozoea, au waiachie kompyuta ikadirie ujazo wa kinundu kizima?

Kipenyo kina watetezi wenye hoja. Hupimwa upesi, hakidai programu maalumu, na utafiti wa NLST wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulikitumia. Vifo vya saratani ya mapafu vikapungua kwa asilimia 20 kuliko kwa waliopigwa eksirei ya kifua. Lakini kinundu chochote kuanzia milimita 4 kilitiliwa shaka, na zaidi ya asilimia 96 ya majibu hayo ya shaka hayakuwa saratani. Hofu yote ile, bure.

Utafiti mwingine, NELSON, wa Uholanzi na Ubelgiji, ulipima ujazo na kasi ya kukua. Matokeo ya 2020 yalionyesha vifo vya wanaume kwa saratani ya mapafu vimepungua kwa asilimia 24 katika miaka 10, na rufaa zilikuwa chache mno, asilimia 2.1 tu. Sitaupa ujazo sifa zote: wenye vinundu vya ukubwa wa kati walipigwa picha tena kwanza kabla ya kupewa rufaa, na subira hiyo nayo ilisaidia.

Kinachonivuta upande wa ujazo ni ukuaji. Lung-RADS, mwongozo wa kusoma picha hizo za CT, huhesabu kinundu kimekua pale kipenyo kinapoongezeka zaidi ya milimita 1.5, kwa kuwa tofauti ndogo zaidi yaweza kuwa mkono wa mpimaji tu. Basi kile kinundu chetu hakijakua, ingawa kimejaa mara mbili! NELSON ilitosheka na ongezeko la ujazo la asilimia 25.

Hata hivyo kompyuta nayo hukosea. Mshipa wa damu uliogusana na kinundu unaweza kuhesabiwa ndani yake; pumzi isiyovutwa sawasawa hubadili kipimo; na programu mbili zaweza kutoa ujazo tofauti kwa picha moja. Mgonjwa akipimwa leo kwa programu hii na mwakani kwa nyingine, "ukuaji" unaweza kuzaliwa na programu yenyewe. Kwa hiyo naunga mkono ujazo kwa vinundu vidogo vilivyo vigumu, yaani vilivyoshikamana na kuonekana wazi pichani, mradi programu na unene wa vipande vya picha visibadilike, na ripoti ivitaje. Vile vyenye ukungu, ambavyo kompyuta hushindwa kuona mpaka wake, bado ni vya kipenyo.