Njia ya Kupita na Kodi ya Kibanda: Nani Abebe Gharama ya Soko la Msimu Linalofikika?

Msimu wa sikukuu unapokaribia, miji mingi hufunga mitaa yake ya katikati, hupanga vibanda kwa safu na kuwakabidhi wafanyabiashara maeneo hayo kwa wiki chache. Malalamiko huwa yale yale. Watu wenye ulemavu husema hawawezi kuingia au, wakiingia, hawawezi kuzunguka. Wafanyabiashara nao husema kila mita inayoongezwa kwenye njia ni kibanda kinachoondolewa. Kwa kawaida suala hili huelezwa kama mvutano kati ya haki na riziki. Kwa maoni yangu limepangwa vibaya tangu mwanzo, kwa kuwa linawagombanisha watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyechora ramani ya soko.

Hoja ya wafanyabiashara inastahili kusikilizwa kwa uzito wake wote. Mwenye duka la kudumu akipata mwezi mbaya anaweza kuufidia kwa mwezi mzuri, lakini mchuuzi wa soko la msimu ana wiki chache tu, ambazo ameziandalia bidhaa kwa miezi kadhaa, pengine kwa fedha za mkopo, na ambazo mvua ya siku mbili inatosha kuzivuruga. Kodi ya kibanda hulipwa mapema, na thamani ya kibanda imo katika mahali kilipo: kilicho karibu na lango huuza, ilhali kilichosukumwa nyuma ili kuacha nafasi huweza kumaliza msimu bila kurudisha mtaji. Mwandalizi anapotangaza wiki moja kabla ya ufunguzi kwamba safu moja itaondolewa, anayeumia ni mtu mwenye deni na familia, na ni dhuluma kumwita mbaguzi kwa sababu amelalamika.

Upande wa pili una uzito ambao mara nyingi hupunguzwa kwa kuufanya suala la viti vya magurudumu peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3, yaani takriban mtu 1 kati ya 6 duniani, wanaishi na ulemavu wenye athari kubwa katika maisha yao, na wengi wao hawatumii kiti cha magurudumu. Asiyeona hutegemea ukingo wa barabara au ukuta ili fimbo yake imwongoze. Kibanda kikiwekwa juu ya ukingo huo, anapotea katika mtaa anaoufahamu vizuri. Mwenye ugonjwa wa mapafu au maumivu ya viungo huweza kutembea, ila kwa umbali mfupi. Mwongozo wa Uingereza kuhusu njia za watembea kwa miguu unapendekeza sehemu za kukaa zisiachane kwa zaidi ya mita 50, lakini katika masoko ya msimu viti vingi vilivyopo ni vya wateja wa vibanda vya vinywaji. Mwenye usonji naye huweza kushindwa kabisa na vipaza sauti vitatu vinavyoshindana. Wote hawa wanazungumzia barabara ya umma, ambayo wiki moja kabla ya soko waliipita kwenda hospitali, benki au kazini, na ambayo hawakuulizwa ilipofungwa.

Ukiziangalia mita zinazogombaniwa kwa makini, sehemu kubwa ya ugomvi hupungua. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 kuhusu ujenzi unaowafaa watu wenye ulemavu vinataka njia isiyopungua milimita 915, na nafasi ya kugeuzia kiti cha magurudumu yenye kipenyo cha milimita 1,525. Hivyo ni viwango vya chini kabisa, na katikati ya umati havitoshi. Hata hivyo, soko lolote linaloendeshwa kwa uangalifu tayari lina njia pana kuliko hiyo, kwa sababu gari la zimamoto ni lazima lipite. Nchini Uingereza njia ya gari hilo kwa kawaida hutakiwa kuwa na upana wa mita 3.7. Nafasi hiyo ipo kwenye ramani asubuhi na hupotea kufikia adhuhuri. Huliwa na foleni inayokatiza njia, mabango ya kusimama, maboksi ya bidhaa na meza ya ziada iliyotolewa nje kwa sababu biashara imechangamka. Nyaya za umeme ni kikwazo kikubwa kuliko wengi wanavyodhani: anayetembea huruka kifuniko cha waya bila kufikiri, ilhali gurudumu dogo la mbele la kiti hukwama hapo na kumtupa mtu mbele. Kupitisha nyaya juu au nyuma ya vibanda, na kuelekeza foleni zifuate ubavu wa safu badala ya kukata njia, hakumwondoi mchuuzi hata mmoja. Kunahitaji msimamizi aliyepo sokoni siku nzima, mwenye mamlaka ya kuagiza bango liondolewe pale pale.

Sheria ya kimataifa ina mgawanyo wa wajibu ambao ungetatua mengi kama ungefuatwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008, unatofautisha ufikivu, yaani hali ya mahali kuweza kuingiwa na kutumiwa na wote, na marekebisho yanayofaa. Ufikivu, ulioelezwa katika kifungu cha 9, unawahusu watu kwa makundi na ni lazima uandaliwe mapema. Kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua mwaka 2014 kwamba mwenye wajibu huo hawezi kujitetea kwa kusema ni mzigo kwake. Marekebisho yanayofaa humhusu mtu mmoja mwenye hitaji lake, na yana mpaka: hayatakiwi kumwekea anayeyatoa mzigo uliopita kiasi. Kwa tafsiri yangu, mpangilio wa soko, yaani upana wa njia, sakafu, vyoo, viti na malango, ni ufikivu, na wa kuubeba ni halmashauri au kampuni iliyokodisha viwanja. Mchuuzi anabaki na yaliyo mikononi mwake: kushusha sehemu ya meza, kutoka nje ya kibanda na bidhaa ili mteja aishike, kumfikishia aliyeketi mashine ya malipo. Tunapomdai mchuuzi upana wa barabara, tunamdai kitu ambacho hakukikodisha.

Suala gumu zaidi ni magari, na hapa sioni jibu jepesi. Desemba 2016 lori liliingizwa kwa makusudi katika soko la Krismasi la Berlin na watu 12 wakauawa. Desemba 2024, mjini Magdeburg, Ujerumani, mshambuliaji aliendesha gari kupitia nafasi iliyoachwa kwa magari ya dharura, watu 6 wakapoteza maisha na mamia wakajeruhiwa. Baada ya matukio kama hayo, hakuna mwandalizi anayeweza kupuuza vizuizi vya magari. Lakini vizuizi hivyo humgusa kwanza mtu ambaye gari ndiyo miguu yake. Mwaka 2021 baraza la jiji la York, Uingereza, liliamua kuyazuia magari ya wenye vibali vya ulemavu kuingia mitaa ya katikati ya jiji, likitaja usalama. Magari hayo yaliruhusiwa tena mwanzoni mwa 2024, lakini soko la Krismasi la mwaka huo lilipofunguliwa, magari hayo yalizuiwa tena kwa muda wa soko.

Naikubali hoja kwamba kila kizuizi kinapofunguliwa mbele ya umati, hatari huongezeka. Kwa hiyo kuyazuia magari yote katika saa za msongamano mkubwa kunaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni kufunga kuanzia asubuhi hadi usiku kwa wiki nzima, huku eneo mbadala la kuegesha likiwa umbali ambao mhusika hawezi kuutembea. Gari la wagonjwa litahitaji mlango kwa vyovyote vile, na mlango huo utahitaji walinzi. Walinzi wakiwepo, magari yenye vibali yaliyojiandikisha yanaweza kuruhusiwa katika saa tulivu, na sehemu ya kushusha abiria ikawekwa ukingoni mwa soko pamoja na gari dogo la umeme la kuwafikisha ndani.

Baadhi ya masoko hutenga saa ya utulivu, bila muziki na kwa watu wachache. Ni hatua njema kwa wanaoihitaji, mradi isigeuke kuwa saa pekee. Mwenye ulemavu naye huwa kazini siku za juma asubuhi, na angependa kuwa sokoni jioni taa zikiwaka, pamoja na watoto wake. Wafanyabiashara wenyewe wana sababu ya kulitaka hilo, kwani familia yenye mmoja asiyeweza kupita huenda kununua kwingine, yote kwa pamoja.

Husahaulika pia kwamba wapo wachuuzi wenye ulemavu. Kibanda chenye sakafu iliyoinuliwa na mlango mwembamba wa nyuma humnyima mtu riziki kabla hata kodi haijatajwa, na ramani inayotengenezwa kwa kuwauliza wateja peke yao haitamwona.

Kuna mitaa ya kale ambayo ni myembamba kweli, ambako nafasi haipatikani bila kuondoa safu nzima. Hapo kuna mtu atakayepoteza, na ni bora ajulikane mapema. Ramani itangazwe kabla kodi haijapokelewa, anayehamishiwa nafasi dhaifu apunguziwe kodi, na nafasi nzuri zizungushwe msimu hadi msimu ili hasara isimwangukie mtu yule yule. Katika mtaa wa namna hiyo naona safu moja ndiyo inayofaa, na pengo la mapato lionekane kwenye hesabu za mwandalizi, hata kama litamlazimu kupunguza mapambo na jukwaa la muziki.